Waya wa Pili Kutoka Karakana

Baba,

Shikamoo. Barua zetu tumezoea kuzianza kwa kusema mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Nimeandika hivyo, nikasimama, nikakata. Juu yako hofu imekwisha kazi yake. Na uzima wangu sijui nikuelezeje. Ninakula, ninalala, nikisalimiwa ninaitikia. Mama Mdogo wa Kwihara alisema mbele ya watu kwamba nina moyo mkavu, halafu akanifuata jikoni kuniomba radhi. Nikamwambia hakuna ubaya, maana kweli hakuna kilichoniuma. Tangu ulipoondoka sijalia hata mara moja. Siku ya maziko nilikuwa naweka alama kwenye sufuria za majirani zisichanganyike.

Leo ni siku ya hamsini na tatu. Arobaini yako tumeisoma, watu wamekula wakashiba, ila pilau lilizidi chumvi kwa sababu lilipikwa na Mama Mdogo huyo huyo. Mama yuko ndani na eda yake. Mimi nashinda karakana. Ile redio ya mwalimu uliyoiacha imefunguliwa mezani nimeimaliza. Alipokuja kuichukua aliuliza fundi yuko wapi, nikamwambia fundi ndiye mimi, akaigeuza geuza mkononi kama anayenunua papai. Ilipolia akaniita binti yangu. Nikaona bora hivyo kuliko kuitwa binti wa marehemu.

Lakini sikukaa kukuandikia habari za mwalimu. Kuna jambo nimelifunika mbele yako siku hamsini na tatu na leo nalifunua.

Wewe ulinifundisha kutafuta hitilafu bila kuruka. Unaanza kwenye betri, unakwenda kwenye swichi, unafuata waya kwa kidole mpaka kwenye spika, halafu unarudi kwa njia ya ardhi. Anayeruka, ulisema, atarudia kazi jua likiwa limemchoma mara mbili. Basi nitafuata hivyo hivyo, na unisamehe nikikueleza mambo uliyoyatengeneza mwenyewe.

Ulipoacha kazi ya nyaya za reli ulirudi nyumbani, hapa Ng'ambo, na bunda moja la waya na ubishi mwingi. Mama alidhani utafungua duka. Ukafungua karakana upande wa pili wa kichochoro, hatua thelathini kutoka mlango wetu wa uani, ukaanza kutengeneza redio za watu. Nyumba nzima ilikuwa na redio moja, na betri za kuiwasha zilikuwa zinapatikana leo, kesho hakuna. Ukasema redio moja inatosha, kinachotakiwa ni kuigawa. Ukaiweka karakana pamoja na betri ya gari, ukaunda mashine yako ya kukuza sauti kutokana na mizoga ya redio zilizokufa, ukapitisha waya juu ya kichochoro kwenye nguzo mbili ulizozileta kutoka Kwihara kwa baiskeli. Spika moja chumbani kwa Mama, moja jikoni, na moja barazani kwa Mzee Ramadhani fundi cherehani, ukuta kwa ukuta na karakana, kwa sababu alikuwa anakuja kusikiliza taarifa ya habari na hakuwa anaondoka.

Waya ulikuwa mmoja tu. Hilo lilimsumbua sana Mzee Ramadhani. Alijua kwamba umeme ukienda lazima urudi, na yeye hakuona wa kurudia. Alisema babu yake alitembea na misafara kutoka Bagamoyo mpaka hapa Tabora na hakuwahi kusimulia kitu kinachorudi bila kuonekana. Ukamwonyesha kile chuma ulichokipigilia chini karakana na kile cha uani kwetu, ukamwambia unarudi kwa chini, kama simu za reli zilivyokuwa zinafanya toka enzi za Mjerumani. Siku mbili baadaye tukamkuta anachimba pembeni ya ukuta kwa kijiti. Ulicheka mpaka ukakohoa.

Shida ikaja kiangazi. Ardhi ya hapa kwetu ikikauka inakuwa kama kigae, na sauti ikawa inafifia. Wewe ukang'oa chuma cha uani, ukakipigilia upya chini ya jiwe letu la kutawadhia. Kuanzia siku ile kila aliyetia udhu alikuwa anainywesha ardhi, alfajiri mpaka isha, na sauti ikarudi kama mpya. Ukatutangazia kwamba nyumba isiyosali itakosa taarifa ya habari. Wageni walikuwa wakija unawahimiza watawadhe kwetu, hata wale waliokwisha kutawadha kwao. Mimi nikapewa kazi ya kuangalia kwamba pale chini ya jiwe hapakauki, na siku ambazo watu ni wachache niongeze kata mbili za maji.

Baba, mwezi wa kumi sikuongeza.

Unakumbuka maji ya bomba yalikuwa yanatoka siku moja, siku mbili hayatoki. Mimi nilikuwa nimepanda mchicha nyuma ya jiko, matuta matatu, na ulikuwa umeota vizuri, na sikutaka ufe. Nilitaka kuona kitu kibichi uani. Hakuna sababu nyingine, nimeitafuta. Nikaanza kuweka karai juu ya jiwe. Mtu anatawadha, maji yanaingia karaini, mimi nabeba napeleka kwenye mchicha. Mama aliniona akanisifu kwamba najua kubana maji. Siku ya tatu au ya nne sauti ikaanza kushuka, ukaniuliza, "Mwasiti, ardhi imekunywa?" Nikajibu, "Imekunywa, Baba."

Hukuuliza tena. Ungeuliza mara ya pili nafikiri ningesema. Lakini wewe neno langu ulilichukua kama ulivyochukua kipimo, ukaitoa ardhi kwenye hesabu na kwenda kutafuta hitilafu mahali pengine. Ukachukua ngazi. Siku nne uko juu ya bati na jua la mwezi wa kumi, unafungua viungo vya waya kimoja kimoja, unakwangua kutu, unaunga tena kwa risasi ya kuyeyusha. Ukishuka unaingia karakana, unageuza swichi kutoka upande wa redio kwenda upande wa kusema, na kutujaribu kwa kutaja, mdomo kwenye spika ya mezani, stesheni za reli ya Kigoma. Usoke. Urambo. Kaliua. Usinge. Halafu unavuka kichochoro kuja kuuliza kama tumesikia, maana sisi nyumbani hatukuwa na njia ya kukujibu ila kukungoja uje. Tunasema tumesikia kwa mbali. Unarudi kwenye ngazi. Mimi nakupa maji ya kunywa, nakushikia koleo, nakuangalia unavyopanda. Na bado nikanyamaza, kwa sababu kila siku iliyopita ilifanya uongo wangu uwe mzito kuutoa.

Siku ya nne, kati ya adhuhuri na alasiri, Mzee Ramadhani aliacha cherehani akaja karakana kuuliza mbona redio imenyamaza kabisa. Akakukuta umekaa kitini, kichwa mezani. Ndivyo alivyotuambia. Alidhani umesinzia kwa joto.

Watu walisema moyo. Mganga wa hospitali naye alisema moyo, na kwamba huenda ulikuwa unakusumbua siku nyingi na wewe ukakaa kimya. Sijui. Ninachojua ni kwamba jioni ile, watu wakiwa bado wanakuja uani, niliingia karakana kuzima betri isije ikaisha. Swichi ilikuwa upande wa kusema.

Nimeiangalia ile swichi kwa macho mawili, Baba. Ndiyo maana redio ilinyamaza kwa Mzee Ramadhani, kwa sababu ukigeuza kule sauti inakuja nyumbani tu. Uligeuza swichi ili useme nasi. Labda zilikuwa stesheni zako. Labda ulikuwa unaomba msaada. Mimi muda ule nilikuwa nyuma ya jiko na karai, namwagilia mchicha, na hata ningekuwa jikoni kwenyewe ardhi ilikuwa kavu kwa mkono wangu. Nikaigeuza swichi upande wa redio, nikazima, nikatoka kupokea mikeka. Sikumwambia mtu.

Mchicha nimeung'oa. Nilifanya hivyo siku ya tatu, mchana kweupe, na mbuzi wa jirani wakaula. Mama Mdogo akaniona mwehu.

Basi nikakaa na swali moja. Je, sauti ilifika au haikufika? Nilikuwa nalala nalo, naamka nalo, naosha vyombo nalo. Kama haikufika, nilikuzibia mlango mimi. Kama ilifika, ilimfikia nani? Nyumbani alikuwepo Mama peke yake, chumbani. Na Mama hakuwahi kusema neno. Nikaamua haikufika, nikazoea kuishi hivyo, kama mtu anavyozoea jino bovu la upande mmoja akatafunia upande wa pili.

Siku ya arobaini Baba Mdogo alikuja kutoka Igunga na gunia la mchele. Baada ya dua wazee wakakaa, wakazungumza vitu vyako. Redio akapewa yeye, nami sikupinga, ni ndugu yako na kule kijijini kwao walikohamishiwa kando ya barabara hawana hata moja. Halafu akasema atarudi na lori la pamba azikunje na zile nyaya, kwa kuwa redio ikiondoka zitakuwa za kuanikia kunguru tu. Watu wakacheka kidogo. Na mimi nilicheka. Usiku ule nililala vizuri. Asubuhi nikaelewa alichokisema, kwamba nyaya zikikunjwa sitajua tena.

Kwa hiyo nikafanya jaribio, nikalifanya kama ulivyonifundisha. Siku saba niliweka karai juu ya jiwe, mvua zikiwa bado zimechelewa, tone lisianguke chini, mpaka ardhi ikafika pale ilipokuwa siku ile. Spika ya jikoni nikaitoa, Mama asije akasikia kwa hiyo. Nikamwambia Mama najaribu waya kabla Baba Mdogo hajaja, akae chumbani asikilize. Alinitazama akasema, "Haya." Nikavuka kichochoro, nikakaa kwenye kiti chako. Sikuwahi kukikalia kabla ya hapo, nilikuwa nafanya kazi nimesimama. Nikageuza swichi. Redio ikanyamaza, na upande wa pili wa ukuta nikasikia cherehani ya Mzee Ramadhani ikisimama, kisha ikaendelea. Nikasema kwa sauti ndogo, sauti ya mtu asiye na nguvu: Usoke. Urambo. Kaliua. Nikasema jina langu mwenyewe pia, sijui kwa nini.

Nikatembea hatua thelathini kwenda kumuuliza.

Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka, mgongo ukutani, macho kwenye spika. Hakusubiri swali. Akasema, "Nimesikia. Hivyo hivyo, kama siku ile."

Nilisimama mlangoni na bisibisi mkononi.

Alinisimulia bila kunitazama. Siku ile alikuwa anachambua mchele. Spika ikakwaruza, akasikia sauti yako kwa mbali sana. Alidhani ni majaribio, kwa kuwa siku nne ulikuwa hutupi nafasi, stesheni asubuhi, stesheni mchana. Akaendelea na mchele. Kisha akasikia umesema "Mwasiti." Mara moja tu. Akachukulia kwamba mimi niko jikoni na spika ya jikoni imeniambia, na kwamba kama sikusikia utavuka kichochoro uje kugomba mwenyewe. Akamaliza ungo, akachota mwingine. Ungo wa pili ulikuwa haujaisha aliposikia Mzee Ramadhani anaita watu. Siku zote hizi alikuwa ananiangalia akingoja nimwambie kama na mimi nilisikia.

Ndipo nami nikasema yangu. Nilianza kwenye mchicha, sikuruka. Karai, swali lako, jibu langu, ngazi, swichi. Nilipofika kwamba yale majaribio yote yaliyomfanya Mama asiinuke yalitokana na uongo wangu, sauti haikutetemeka. Nilikuwa kama mtu anayesoma karatasi ya mtu mwingine. Nilingoja anipige. Nilitaka anipige. Mama hakunipiga wala hakunikumbatia. Alivuta kanga yake mabegani, akasema, "Basi tulikuwa wawili."

Nilikaa kwenye kizingiti mpaka alasiri. Nilipokuwa nakwenda kumletea maji akaniuliza kitu ambacho sikukitarajia, kwamba kwa nini miaka yote hii fundi mzima aliweka njia ya kutuita na hakuweka njia ya sisi kumjibu. Nikamweleza kwamba kwa waya mmoja na ile ardhi yetu sauti ya kurudi haina nguvu, na waya wa pili hatukuwa nao, waya umeadimika mji mzima. Akanyoosha mkono kuelekea dirishani. Nje ulikuwa waya wake wa kuanikia nguo, ule mrefu uliomfungia wewe ulipotoka reli, na ambao mara ngapi uliutamani akakukatalia. Akasema, "Kaufungue ule."

Nimeufungua, Baba. Nguo sasa tunaanika kwenye kamba ya katani na zinatoka na nyuzi nyuzi. Waya nimeuosha kwa mchanga, nimeupitisha juu ya nguzo zako shubiri mbili chini ya ule wa kwanza, kila kiungo nimekitia risasi, na bati nimelikanyaga kwenye misumari kama ulivyonionya. Sasa umeme unakwenda kwa waya na kurudi kwa waya. Ardhi hatuitegemei, ikauke au ilowe, na jiwe la kutawadhia limebaki kuwa jiwe la kutawadhia. Chumbani kwa Mama nimemwekea swichi yake, na jikoni nimerudisha spika na kuweka swichi ya tatu. Anayeitwa anageuza, anajibu hapo hapo. Mzee Ramadhani amekuja kuukagua akaukubali, anasema sasa ndiyo kazi inayoeleweka.

Baba Mdogo alikuja Jumamosi na lori. Mama alizungumza naye akiwa nyuma ya pazia. Alimwambia redio aichukue kwa baraka zote, ila nyaya haziguswi. Baba Mdogo akauliza zitabeba nini bila redio. Mama akasema zitabeba watu. Alikunywa uji, akafunga redio yako kwenye blanketi, akaondoka. Kwa hiyo taarifa ya habari hatusikii siku hizi. Mzee Ramadhani ananuna barazani kwake. Nimemwahidi nikipata mzoga mzuri nitamuundia nyingine, na usifikiri ni maneno, nimekwisha kupata kasha.

Sijui kama umenisamehe. Mama hajasema amenisamehe, nami sijamwambia kwamba yeye hana kosa, ingawa hana. Tunakula pamoja. Mchana, nikiwa karakana, spika inakwaruza na Mama anauliza kama nimekunywa chai. Najibu. Dakika kumi hazijapita anauliza tena kitu kingine, chumvi iko wapi, saa ngapi sasa, na anajua saa ngapi. Namjibu kila mara. Juzi alikaa kimya muda mrefu, nikageuza swichi mimi, nikamuita tu, sikuwa na la kusema. Akaniitikia. Hapo nikainamisha kichwa mezani, nikangoja. Machozi hayakuja. Nafikiri yako njiani.

Nakuaga, Baba. Ahadi yangu ni hii: katika nyumba hii hataita mtu akaachwa. Akiwa anajaribu waya ajibiwe, akiwa anatania ajibiwe, akiwa anataja stesheni zote mpaka Kigoma ajibiwe kila moja. Na nikiulizwa kitu nitasema kilivyo, hata kama ni aibu ya mchicha.

Sijui siku ile ulitaka nini. Pengine ulikuwa umeugundua uongo wangu na ulitaka nilete tu kata mbili za maji. Uliniita kwa jina langu, mara moja, na sauti ikafika.

Abee, Baba.

Mwanao,
Mwasiti